Kubiti mbili zimekataa kufungamana

Swali: Najifunza kompyuta za kwanta. Nimechukua kubiti mbili (biti za kwanta) zenye 0, nikaweka geti la Hadamard (H), yaani hatua ya kubadilisha kubiti, kwenye kila moja, kisha geti la CNOT. Nilitegemea zifungamane nipate 00 na 11 tu, lakini napata 00, 01, 10 na 11, kila jibu karibu robo ya majaribio. Programu ina hitilafu?

Jibu: Programu ni nzima, ndugu yangu. H moja imezidi.

CNOT ina kazi moja tu: kubiti ya kwanza ikiwa 1, inaigeuza ya pili, 0 iwe 1 na 1 iwe 0. Sasa angalia umeipa nini cha kugeuza. Baada ya H, kubiti ya pili iko katika hali mseto, 0 + 1 kwa uzito sawa. Igeuze, unapata 1 + 0. Si ileile? Geti limepita na halikuacha alama yoyote. Kila kubiti iko katika hali mseto, lakini kila moja kivyake, na wengi huchanganya hilo na mfungamano, yaani kubiti mbili kuwa na hali moja ya pamoja isiyoweza kuelezwa kila moja kivyake.

Ondoa H ya kubiti ya pili, ianze na 0. Baada ya H ya kwanza una 00 + 10. CNOT haiigusi 00, ila 10 inageuka 11. Unabaki na 00 + 11, mojawapo ya hali nne zinazoitwa za Bell, kwa jina la mwanafizikia John Bell.

Unaweza kuhakiki kwa kalamu. Andika amplitudi (uzito wa kila jibu, ambao mraba wake ndio uwezekano wa kulipata) za 00, 01, 10 na 11 kwa mpangilio huo, uziite a, b, c, d. Zidisha a kwa d, halafu b kwa c. Majibu yakilingana, hakuna mfungamano. Zako zote ni 1/2, kwa hiyo robo kwa robo: hakuna. Kwa hali ya Bell, a na d ni 1/√2, b na c ni sifuri. Unapata nusu upande mmoja na sifuri upande wa pili.

Hili hukuuliza, lakini litakukuta. Ukishapata 00 na 11 nusu kwa nusu, usishangilie bado. Mtu akirusha sarafu, akakuandalia 00 au 11 kufuatana na upande ulioangukia, atakupa hesabu hizohizo bila mfungamano wowote. Ili kuzitenganisha, weka H kwenye kubiti zote mbili kabla tu ya kupima. Hali ya Bell itaendelea kutoa 00 na 11 peke yake, kwa sababu 01 na 10 zinafutana. Kubiti za mrusha sarafu zitatawanyika, majibu yote manne robo robo.

Kwenye mashine halisi utaona 01 na 10 chache zikijipenyeza hata ukifanya kila kitu sawasawa. Hizo ni kelele za mageti na za upimaji, usianze kuifumua programu yako.