Nishasaini, Naweza Kurudi Nyuma?

Vijana wawili walikuja hadi kwa mlango hapa Kondele wakaniuzia mashine ya kusafisha maji. Nikasaini nikalipa diposito, jioni mzee akasema hiyo bei ni wizi. Naweza kukansel?

Ndio mama, unaweza. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inakupa siku 10 kuanzia ile siku umepewa kopi ya agrimenti na hakuna mtu wa kukuuliza sababu, juu ni wao walikufuata nyumbani, si wewe ulienda kwa duka lao. Kama hawakukuachia kopi (wengi hawaachi, na wanajua kwa nini) unapata hadi mwaka mmoja. Sasa usipige simu tu mkaanza kuzozana, andika barua fupi kwamba umekansel, weka tarehe, tuma Wosapu na upige skrinishoti. Mashine usiiguse, ikae kwa boksi yake wakuje waichukue.

Nilinunua redio Kibuye jana, leo nimeona ingine kama hiyo bei ya chini.

Pole, hapo hakuna kitu. Soko ulienda mwenyewe. Ingekuwa mbovu ningekujibu tofauti, kile kibao cha "bidhaa ikiuzwa hairudi" hakimpi mtu ruhusa ya kukuuzia takataka.

Nimelipia jimu ya mwaka mzima huku Nakuru na wiki haijaisha nimechoka.

Haha, January hiyo! Siku 10 ziko hata kwa jimu, kimbia leo.

Niko Bungoma. Nilichukua diposito ya nusu eka ya shamba, sasa vijana wangu wamekataa. Mnunuzi anasema nitashtakiwa.

Mzee, shamba la kilimo lazima lipitie bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane, bila hiyo idhini agrimenti ni bure kisheria na pesa ya watu unarudisha. Lakini usifurahi mapema, kama huyo mtu alishamaliza kulipa akaingia akalima ukimwangalia, korti zetu zimewahi kumtetea mnunuzi wa hivyo. Ona wakili kabla hujamjibu chochote, na hiyo diposito usiikule.

Nilikansel vizuri, wamekataa kurudisha pesa.

Nenda korti ya madai madogo, Kisumu iko, Nakuru iko. Inasikiza madai hadi milioni 1 na unaweza kujisimamia bila wakili. Beba risiti, mesej za M-Pesa na ile skrinishoti.