Nikisimama kusimulia maisha yangu, maneno yote yananipotea

Swali: Daktari, nimeombwa kusimulia kwa dakika 10, mbele ya watu kama 40, jinsi nilivyoishi na wasiwasi mkali kwa miaka mingi. Niliwahi kujaribu mara moja. Nilikariri kila neno, lakini sentensi ya tatu tu mikono ikaanza kutetemeka, mdomo ukakauka, nikasahau yote nikarudi kukaa. Je, safari hii nikariri zaidi, au nisubiri hofu iishe kwanza?

Jibu: Pole sana kwa siku ile, ndugu yangu. Usisubiri, na wala usikariri zaidi.

Mwili wako hauna kasoro. Mwaka 1993 watafiti wa Trier, Ujerumani, walichapisha kipimo cha kuamsha msongo maabara: mtu anahutubia dakika 5 mbele ya watu wasioonyesha hisia yoyote, kisha anafanya hesabu za kutoa kwa kichwa dakika 5. Watu wengi wenye afya njema hupandwa na kortisoli, homoni ya msongo. Hicho ndicho kilichokupata.

Kilichokuangusha, kwa maoni yangu, ni kule kukariri. Aliyekariri anasoma karatasi iliyo kichwani. Neno moja likiponyoka, uzi wote umekatika. Hapo akili inawaacha wasikilizaji na kuanza kujipeleleza: sauti inatetemeka? Wameniona? Kujipeleleza huko kunauchochea wasiwasi. Na hata ukimaliza salama, sifa unazipa karatasi, kwa hiyo mara ijayo unaogopa vilevile.

Badala ya maneno, beba picha tatu. Usianze na "nilikuwa na wasiwasi mkubwa", maana hapo hakuna cha kuona. Anza, kwa mfano, na asubuhi uliyosimama mlangoni, ufunguo umeshauingiza kwenye kitasa, ukashindwa kuuzungusha. Picha kama hiyo huna haja ya kuikariri, kwani uliiishi. Sentensi ya kwanza tu ndiyo uijue kwa moyo.

Kisha msimulie mtu mmoja, halafu watatu, halafu kumi, ndani ya siku chache. Kabla ya kila zoezi andika unachokiogopa, kwa mfano "watanicheka", na baadaye andika kilichotokea kweli. Hofu ikipanda katikati, usikatishe. Endelea kusimulia nayo ikiwepo. Unachojifunza hapo ni kwamba unaweza kuogopa na bado ukafika mwisho. Jirekodi kwa simu pia, ujione kama wengine wanavyokuona. Mwaka 2003 wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba msemaji hudhani woga wake unaonekana kuliko wasikilizaji wanavyouona.

Jambo moja nakuomba ulizingatie sana. Kama kuna sehemu ya kisa ambayo ukiigusa unajiona uko palepale tena na usiku hulali, iache nje. Hicho bado ni kidonda kibichi, na mahali pake ni kwa mshauri wako. Huna deni la kumwambia mtu yeyote kila kitu. Vilevile usiazime vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo. Propranolol, kwa mfano, ni hatari kwa mwenye pumu.

Siku yenyewe, ukisahau, nyamaza, toa pumzi taratibu, kunywa maji, urudi kwenye picha inayofuata. Wanaokusikiliza hawajui ulipanga kusema nini.