Maswali ya Wasomaji: Pama ya Sufu kwa Mikono

Baridi ya Juni imetuletea barua nyingi kuhusu pama za felti, zile kofia nzito zisizo na mshono ambazo wazee wa Njombe na Makete hawazivui hadi Septemba. Felti haifumwi wala haishonwi. Ni nyuzi za sufu zilizosuguliwa kwa maji ya moto na sabuni hadi zikashikana zisiachane tena. Tumechagua barua saba.

Nina kondoo sita wa kienyeji. Mara mbili nimesugua manyoya yao kwa maji ya moto na sabuni, yanabaki nywele tupu. Nakosea wapi? (Msomaji, Makete)

Hujakosea, ndugu yetu, ni kondoo. Unyuzi wa sufu una magamba madogo kama ya samaki, yote yakielekea upande wa ncha. Maji ya moto na sabuni huyafungua, msuguano husogeza nyuzi, na kila gamba linanasa kwenye jirani yake. Kondoo wetu wengi wa kienyeji wana nywele nene, zilizonyooka, zisizonasana hivyo. Unaweza kuzisugua hadi kesho.

Sufu inayofaa ni ya kondoo wa aina ya Merino, Corriedale, au chotara wao. Kabla ya kununua hata kilo moja, omba kishungi cha ukubwa wa yai. Kichovye kwenye maji ya moto yenye sabuni, kiviringishe viganjani dakika tano. Kikiwa kitufe kigumu, nunua. Kikibaki tepetepe, mwachie mwenyewe.

Sufu ghafi ina mafuta na uchafu. Kilo moja ikioshwa inaweza kubaki nusu tu, kwa hiyo usikubali bei ya sufu safi. Iloweke kwenye maji ya nyuzi joto 60 yenye sabuni dakika 20, mara tatu, kila mara maji mapya ya moto uleule. Usiikoroge, itaanza kushikana ndani ya beseni. Itoe maji yakiwa bado ya moto, kwa sababu yakipoa mafuta hurudi kuganda kwenye nyuzi na utakuwa umefanya kazi bure.

Mwanjelwa kuna masweta mengi ya mtumba, lakini lebo zimekatwa. Nitajuaje la sufu, na je, linatoa kofia? (Msomaji, Mbeya mjini)

Chomoa uzi mmoja, uchome kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika kwa kidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko, uache.

Hata sufu halisi huwa na mtego: masweta mengine yametibiwa kiwandani ili yasirudi yakifuliwa kwa mashine, na hayo hayatakuwa felti kamwe. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 mgongoni, kifue kwa maji ya moto na sabuni ukikisugua robo saa. Kikirudi hadi 7 au 8, sweta linafaa. Lifue lote hivyo, kisha kata tumbo lake, ulivute likiwa na mvuke juu ya kalibu, yaani umbo la mbao la kichwa. Utapata kofia laini ya kuvaa shambani. Usitarajie ukingo uliosimama, maana kitambaa hicho ni chembamba.

Nina gramu 300 za sufu safi iliyochanuliwa. Kichwa ni sentimita 57. Nitumie kiasi gani, na plastiki ya ndani niikate ukubwa gani? (Msomaji, Uyole)

Gramu 300 zinatosha kofia mbili na jaribio. Plastiki ya ndani, kwa wasioijua, ni ile inayokaa kati ya pande mbili za sufu zisishikane. Jaribio ndilo watu wanaloruka, halafu wanatuandikia kwamba kofia imemtosha mtoto.

Tandaza gramu 11 kwenye mraba wa sentimita 20 kwa 20, ifanye felti kamili, kisha ipime. Sufu nyingi za aina hii hurudi hadi 13 hivi. Gawanya 20 kwa 13, unapata 1.54. Namba hiyo ndiyo ya kuzidishia vipimo vyote. Yako ikitoka tofauti, tumia yako.

Kwenye 57 ongeza sentimita moja ya utepe wa jasho, iwe 58. Nusu yake ni 29, mara 1.54 ni 45 hivi. Huo ndio upana wa plastiki mahali pa paji la uso. Kimo: 20 kutoka utosini hadi paji, na 7 za ukingo, jumla 27; mara 1.54 ni 42. Umbo ni la kengele, juu duara, na chini ipanuke hadi 70 ili ukingo upate nafasi ya kufunguka. Plastiki iwe nene kidogo, kama ya kufunikia sakafu, uweze kuisikia kwa vidole ikiwa ndani ya sufu.

Kofia moja ichukue gramu 120, yaani 60 kila upande. Zigawe mafungu manne ya 15 kwa mizani ya jikoni, usikadirie kwa macho. Chomoa vishungi vyembamba na uvilaze kama vigae: tabaka la kwanza wima, la pili mlalo, la tatu wima, la nne mlalo. Pembeni nyuzi zizidi plastiki kwa sentimita 2. Chini kwenye ukingo zisizidi, maana ndipo kofia itakapofunguka.

Funika kwa pazia la neti. Chupa ya maji iliyotobolewa matundu kwenye kifuniko inatosha kunyunyizia. Maji yawe ya nyuzi joto 40, na kijiko kikubwa cha sabuni ya mche iliyokunwa kwa kila lita. Sabuni ya unga inatoa povu jingi mno. Nyuzi zinaelea juu ya povu badala ya kusuguana. Kandamiza hewa itoke, geuza, kunja zile sentimita 2, kisha laza upande wa pili vilevile.

Hapo anza kusugua juu ya neti kwa viganja, polepole, dakika 10 kila upande. Nguvu ukiileta mapema, nyuzi zinasogea kabla ya kushikana na matundu yanazaliwa. Finya uso kwa vidole viwili: zikiinuka nyuzi mojamoja, bado, ukiinuka utando mzima, endelea.

Sasa viringisha kwenye mkeka wa mianzi uliozungushiwa bomba la plastiki la inchi moja na nusu. Mara 100, kisha geuza robo, mara 100 tena. Felti hurudi zaidi kwenye uelekeo wa kuviringisha. Ukisahau kugeuza utapata kofia ndefu kama kinu. Plastiki ikianza kujikunja ndani, itoe, na ukunje upya ili ile mikunjo ya pembeni ije katikati. Kisha achana na mkeka: maji ya nyuzi joto 60, kanda kama unga wa chapati, itupe kwa nguvu ndani ya beseni mara 50, pima, rudia. Acha inapobaki kubwa kuliko kichwa kwa sentimita 2 au 3. Kalibu itamaliza.

Kalibu naitengenezaje? Huku mbao za paina ni nyingi. (Msomaji, Mafinga)

Paina inafaa ikiwa imekauka vizuri. Gundisha vipande vya ubao wa inchi moja, kimoja juu ya kingine, hadi kimo cha sentimita 15. Gundi iwe ile isiyoachia kwenye maji, la sivyo mvuke utatenganisha kazi yako. Kichwa si duara: kwa mzunguko wa 57, chora yai la urefu wa 20 na upana wa 16. Chonga kwa tupa, piga msasa, chimba mfereji mdogo chini kabisa ambamo kamba itakaa. Paina hutoa utomvu ikipata joto na kutia madoa ya njano, hasa kwenye sufu nyeupe. Kwa hiyo ifunge mfuko wa plastiki kila unapoitumia.

Wengine hutumia sufuria iliyofudikizwa. Inawezekana, lakini sufuria ni duara, na kofia itabana paji la uso na kuacha upenyo juu ya masikio. Ukilazimika, ifunge taulo mbele na nyuma.

Vuta felti juu ya kalibu ikiwa bado na maji ya moto, funga kamba mferejini, kisha lainisha kwa mvuke wa birika. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94. Kwenye mita 2,600 za Kitulo ni kama 91. Joto la mvuke wa kwetu ni pungufu kidogo tu, basi ongeza muda, usiongeze nguvu za kuvuta. Iache kwenye kalibu hadi ikauke kabisa, siku mbili za baridi. Usiikaushe juu ya moshi wa kuni, harufu haitoki.

Kofia yangu ina mstari kama mshono pande zote mbili, na ukingo unacheza kama sketi. (Msomaji, Njombe)

Mstari unatokana na zile nyuzi za pembeni: zilikuwa nene mno, au ulizikunja zikiwa kavu, zikasimama kama ukuta. Safari ijayo zichomoe ziwe nyembamba, zilowanishe, na usugue pembe kwanza kabla ya kugusa katikati. Kwa kofia uliyonayo, kama bado ni laini, rudisha maji ya moto na sugua mstari wenyewe kwa kipande cha ubao chenye mifereji. Kama imeshakuwa ngumu, utapungua tu, hautaisha.

Ukingo unaocheza ni mrefu kuliko unavyotakiwa: tabaka lilikuwa jembamba pale, au uliuvuta kwa mikono wakati wa kuosha. Hapa una bahati. Lowanisha ukingo peke yake kwa maji ya nyuzi joto 60 na sabuni, uviringishe kuufuata mzunguko, siyo kutoka utosini kwenda nje. Utarudi. Mkasi ni wa mwisho, na ukikata usizidi nusu sentimita kwa mara moja.

Mvua ya huku haikatiki. Pama inalegea kila wiki. Nitumie uanga wa muhogo? (Msomaji, Tukuyu)

Uanga ni wa mahali pakavu. Tukuyu utayeyuka mvua ya kwanza, na kwenye kofia nyeusi utaacha unga mweupe. Tumia shelaki ya mafundi seremala: gramu 50 kwenye lita moja ya spiriti, iache usiku kucha iyeyuke. Paka kwa brashi upande wa ndani tu, ukingo mara mbili, utosi mara moja au usiupake kabisa. Ukizidisha itavunjika kama biskuti. Fanya nje, mbali na jiko. Mvuke wa spiriti unadaka moto upesi kuliko unavyodhani.

Kabla ya shelaki hakikisha sabuni imetoka: suuza mara tatu, ya mwisho na vijiko viwili vya siki kwenye lita tano za maji. Kofia nyingi zinazolegea na kuwasha paji la uso zina sabuni iliyobaki ndani.

Nafuga sungura. Nasikia kofia za gharama hutengenezwa kwa manyoya yao, tena kwa zebaki. Huku zebaki ipo kwa wachimbaji. (Msomaji, Chunya)

Kaa mbali nayo. Ni kweli, viwanda vya Ulaya na Marekani vilipaka ngozi za sungura mchanganyiko wa zebaki na asidi ili manyoya yaweze kushikana, maana yenyewe ni laini na hayanasani vizuri. Mafundi walivuta mvuke wake. Mikono ilitetemeka, meno yaling'oka, akili ikavurugika. Marekani iliacha kuitumia kwenye felti mwaka 1941. Zebaki mnaijua Chunya, na jikoni ni hatari kuliko mgodini kwa sababu watoto wako hapo.

Changanya gramu 25 za manyoya ya sungura na 95 za sufu, zichanue pamoja mara tatu. Utapata ule ulaini wa mkono bila dawa yoyote. Baadhi ya manyoya yatang'oka siku za mwanzo. Yapige brashi nje, upande mmoja, kuanzia mbele kwenda nyuma.