Je, bodi mpya ya kamera itaondoa chenga kwenye picha za ukumbini?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mpigapicha wa sherehe hapa Arusha, na kazi zangu nyingi ni za sendofu na harusi zinazofanyika usiku katika kumbi za Njiro na Sakina. Ninatumia Canon EOS 1200D pamoja na lenzi iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55. Picha za mchana zinawaridhisha wateja, lakini za ukumbini zina chenga, na maharusi wakianza kucheza hawatoki vizuri. Mwenzangu ananishauri ninunue bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya Canon EOS 6D iliyotumika. Fedha ya bodi ninayo, ila haibaki ya kitu kingine. Je, nitaona tofauti?
Mpigapicha, Arusha

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya ubora lipo jambo ambalo mwenzako amelisahau. Lenzi yako ni ya aina ya EF-S, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera zenye kihisi kidogo cha mwanga, na haiingii kabisa kwenye 6D. Ukimaliza akiba yako kwenye bodi, utakwenda ukumbini na 6D ikiwa imelala mkobani huku ukiendelea kupiga kwa 1200D.

Megapikseli tusizihangaikie. Kamera yako ina 18 na 6D ina 20, tofauti ambayo hakuna bibi harusi atakayeiona. Tena picha yako ya sasa, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inafikia takriban sentimita 44 kwa 29, ambayo ni kubwa kuliko kurasa za albamu nyingi.

Kinacholeta chenga ni upungufu wa mwanga. Ni kweli kwamba 6D ina faida hapo, kwa kuwa kihisi chake kina milimita 36 kwa 24, wakati cha kwako kina 22.3 kwa 14.9, yaani kwa hesabu ya eneo kinapokea mwanga mara 2.6 zaidi, tundu la lenzi na kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) vikiwa vilevile. Lakini hebu itazame lenzi yako. Unapoivuta hadi milimita 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), ilhali lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Canon, inapitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Mara 2.6 kwa bei ya bodi, au mara 10 kwa bei ya lenzi ndogo: mimi ningenunua lenzi, na siku ukiipata 6D itaingia bila shida.

Usinunue kwa neno langu tu. Fungua picha mbaya kuliko zote ulizopiga ukumbini, usome maelezo ya mipangilio yake. Ukikuta f/5.6, ISO 6400 (kipimo cha jinsi kamera inavyokuza mwanga hafifu) na kasi ya 1/30 ya sekunde, basi chenga zimetokana na hiyo ISO, na mtu anayecheza ametoka na ukungu kwa sababu 1/30 ni polepole mno kwake. Kwa f/1.8, mwanga uleule wa ukumbi unakuruhusu kushuka hadi ISO 3200 na kupanda hadi 1/125, na bado unabaki na akiba kidogo. Azima au ukodi lenzi hiyo kwa sherehe moja, kisha ulinganishe.

Nikutahadharishe kwamba kwa f/1.8 eneo linaloonekana kwa ukali ni jembamba sana: inafaa kwa uso wa bibi harusi, lakini si kwa wajomba na mashangazi waliosimama mistari miwili. Kwa kundi, rudi kwenye f/5.6 na utumie flashi ya nje iliyoelekezwa juu, mradi dari liwe jeupe. Wapambaji wetu hupenda kutandaza vitambaa vya zambarau huko juu, na flashi ikigonga hapo, ukoo mzima utageuka zambarau.

Ikiwa baada ya lenzi na flashi bado unalazimika kupanda hadi ISO 6400, hapo bodi itakuwa na kazi ya kufanya. Sababu nyingine halali ni shata kuchakaa, au kuhamia kwenye picha za wanyama mbugani, ingawa kwa kazi hiyo 6D nayo si chaguo la kwanza, kwani inapiga fremu 4.5 tu kwa sekunde.

SWALI: Picha zangu za Mlima Kilimanjaro, nikipiga kutoka mjini hapa, zinatoka zimepauka. Je, kamera yenye megapikseli nyingi zaidi itasaidia?
Msomaji, Moshi

JIBU: Haitasaidia. Kati yako na Kibo kuna takriban kilomita 30 za hewa yenye vumbi, moshi na unyevu, na megapikseli zikiongezeka zitakuchorea ukungu huohuo kwa undani zaidi. Piga alfajiri kabla mawingu hayajaufunika mlima, hasa asubuhi inayofuata mvua, uhifadhi picha katika mfumo wa RAW (data ghafi ya kamera), kisha uongeze utofauti wa mwanga na kivuli kwenye kompyuta.