Jibu: Ukimya baada ya fidla ya Berg

Assalaam aleikum ndugu yangu. Umeuliza kwa nini kwenye ile rekodi ya konseto ya fidla (muziki wa fidla moja mbele ya okestra) ya mtunzi Alban Berg watu walinyamaza muda mrefu kabla ya kupiga makofi, na kama hawakuipenda. Mimi napiga fidla ya taarab hapa Mji Mkongwe. Kwetu mtu akiguswa hunyanyuka akaenda kumtunza mwimbaji pesa, wimbo haujesha. Kule kwenye muziki wa aina hiyo hungoja mpaka mwisho, yote yamebaki kifuani.

Kwanza rudia mwanzo kabisa: fidla inapita nyuzi zake nne tupu, bila kubonyezwa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetia sauti tu. Halafu sikiliza okestra inavyolipuka kuingia sehemu ya pili. Hapo mikono yangu hufa ganzi. Berg aliiandika mwaka 1935 kumkumbuka Manon Gropius, binti aliyefariki akiwa na miaka 18. Berg mwenyewe akafariki Desemba ya mwaka huohuo, hakuwahi kuisikia ikipigwa. Shangazi yangu, bila kuambiwa lolote, aliacha kuchambua mchele akasema, "Huyu ana msiba."

Usiisikilizie kwenye simu. Ile sauti nyembamba ya mwisho inapotea.