Fishfinda kwenye kayaki niifunge wapi? Majibu ya maswali yenu

Kilifi: Nina fishfinda (mashine ya kutafuta samaki kwa sauti) ya skrini ya inchi 5, niifunge mbele kabisa au karibu na kiti?

Ikalie kayaki nchi kavu kwanza, shika kafi upige kama unakimbizana na mkondo, popote kafi au ngumi inapopita hapo usifunge kitu. Kwa wengi inabaki katikati ya miguu ama ubavuni mbele kidogo ya goti, mkono unafika bila kuinama. Kule omo, yaani mbele kabisa, inapendeza kwenye picha tu, jua la saa sita husomi kitu na kila ukitaka kubonyeza unainama, kayaki nayo inalala. Alafu ukipinduka unapandia upande gani? Ule uache mtupu kabisa, maana unapanda kwa tumbo, na mkono wa skrini ukiwa pale ama utauvunja ama utakuvunja mbavu. Mi ubavu huo siweki hata kishikio cha rodi.

Diani: Transdyusa (kile kifaa kinachotuma na kupokea sauti majini) lazima nitoboe chini ya kayaki kuifunga?

Wala. Kayaki nyingi ni plastiki ya polithini na sauti inapita humo vizuri, unaibandika ndani kwa silikoni ya baharini basi. Shida ni hewa, ukiacha viputo kati yake na plastiki mawimbi ya sauti yanaishia hapo hapo, kwa hiyo bandika polepole na uikandamize. Joto la maji hutalipata la kuaminika, na kama mashine yako ni ile ya kuchora miamba kama picha, hiyo inataka kugusa maji yenyewe. Hapo utaipitisha kwenye tundu la kutolea maji au uifunge kwenye mkono wa ubavuni unaonyanyuka. Kwa pwani yetu yenye mwamba nachagua mkono, tunduni ukiburuta tu kayaki imekwanguka.

Tanga: Betri je?

Nyuma ya kiti, katikati, ndani ya kisanduku kisichoingia maji, na uifunge mkanda isitembee. Ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 7 inapita kilo 2, ya lithiamu ya uwezo huo huo ni nyepesi karibu nusu ila bei ndo hivo tena. Fyuzi iwe karibu na betri kwenye waya wa chanya, sio kule kwenye skrini, sababu waya ukichubuka njiani kwenye maji ya chumvi fyuzi ya mwisho wa safari haikusaidii kitu.

Dar: Redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) naifunga kwenye reli ya kayaki?

Usijaribu! Redio kifuani, kwenye laifu jaketi. Ukianguka kusi ikapeleka kayaki kule na redio juu yake, chaneli 16 ya kuombea msaada utaiita na nini? Simu vile vile.

Pemba: Dira ndogo nikiiweka juu ya fishfinda?

Hapana, spika na waya zenye umeme zinaipotosha. Washa kila kitu, isogeze mpaka sindano iache kucheza, hapo ndo uibandike.