Kitufe cha barua pepe sasa kinaandika ŋ

Kibodi yangu isiyo na waya ni ya mtumba. Niliinunua hapa Kampala bila boksi wala karatasi ya maelezo. Juu ya namba ina vitufe vya ziada: bahasha ya barua pepe, kijumba cha intaneti, kikokotoo, vya sauti na muziki. Kwa miezi miwili niliviona mapambo. Mimi ni mchapaji wa kadi na nyaraka za watu karibu na Nasser Road. Muziki naupata wa bure kutoka duka la jirani.

Aliyenilazimisha kujifunza ni F2. Kwenye Excel, F2 hufungua kisanduku ili urekebishe kilichomo. Kwangu ilikuwa ikipunguza mwanga wa skrini. Nilibadilisha betri, nikachomoa kipokezi cha USB na kukirudisha, nikawasha kompyuta upya, na mteja kasimama mgongoni pangu anahema. Kijana wa meza ya pili akanyoosha shingo: "Anti, hicho kikufuli kwenye Esc hukioni?" Kweli, kulikuwa na kikufuli kidogo kimechorwa. Nikabonyeza Fn, kile kitufe kinachobadilisha kazi za vitufe vya F, pamoja na Esc, na F2 ikarudi kuwa F2.

Kwa hiyo usianze na programu. Anza kwa kujua akili ya kitufe inakaa wapi. Fn kwa kawaida hufanya kazi ndani ya kibodi yenyewe. Kompyuta haina habari nayo, inapokea matokeo tu. Ukizunguka kwenye mipangilio ya Windows ukiitafuta, utazeeka. Tafuta kikufuli, au programu ya mtengenezaji. Logitech, kwa mfano, wana Logi Options+. Na ukikuta Alt na kitufe cha Windows vimebadilishana nafasi, huenda kibodi inadhani iko kwenye Mac. Kwenye Logitech K380 unashikilia Fn na P kwa sekunde tatu, inarudi upande wa Windows.

Bahasha na kijumba ni habari nyingine. Hivyo kompyuta inaviona, kwa hiyo unaweza kuvipa kazi yoyote. Hapo ndipo nilipopata faida.

Sisi wa Kiswahili tunaandika ng' na kukatisha njia. Kiganda kina herufi yake, ŋ, na watu wanaijali kuliko unavyodhani. Niliwahi kuchapa kadi za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulishana familia kabla ya ndoa, za familia ya ukoo wa Ŋŋaali, yaani korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda. Mimi nikaandika kwa n na g. Mama wa bibi harusi aliishika kadi mbali na macho, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa ni sisi?" Nilizichapa zote upya kwa karatasi yangu mwenyewe.

Tangu hapo nilikuwa nikiandika 014B kwenye Word kisha Alt na X, inageuka ŋ. Inafaa kwa herufi moja. Kwa kadi nzima, vidole vinalia. Sasa ninatumia PowerToys, programu ya bure ya Microsoft. Ndani yake kuna Keyboard Manager: unachagua kitufe, kisha unakiambia kitoe maandishi. Bahasha nikaipa ŋ, kijumba nikakipa Ŋ kubwa. Barua pepe ninazifungulia simuni hata hivyo. Anayetumia Linux na mpangilio wa kibodi wa Uingereza hahitaji haya yote: AltGr, yaani Alt ya kulia, na g inatosha.

Kuna mtego. PowerToys lazima iwe inaendelea kufanya kazi, na haifanyi kazi kwenye ukurasa wa nenosiri. Usiguse kitufe kilichomo katika nenosiri lako. Ukitaka badiliko linaloshika hadi hapo, programu iitwayo SharpKeys huliandika ndani ya rejista ya Windows, yaani hifadhi ya ndani ya mipangilio yake, ila inabidi utoke na kuingia upya, na linagusa kila kibodi ya kompyuta hiyo. Nilizima Caps Lock kwa njia hiyo. Mwenzangu wa zamu ya jioni, ambaye huchapa vichwa vyote kwa herufi kubwa, alihangaika nusu saa akidhani kitufe kimekufa. Kama mnatumia kompyuta moja, semeni kwanza. Na kumbuka, mabadiliko haya yanabaki kwenye kompyuta. Nilipopeleka kibodi nyumbani, bahasha ilifungua barua pepe kama ilivyozaliwa.

Ikianza kuruka herufi, usikimbilie kulaumu betri. Kipokezi cha aina hii hutumia masafa ya 2.4 GHz, na vifaa vya USB 3 hutoa mwingiliano wa redio kwenye masafa hayohayo. Changu kilikuwa kimebanana na diski ya nje. Nilikihamishia tundu la mbele na herufi zikatulia.

Kitufe cha kikokotoo sikukigusa. Mteja akianza kunishusha bei ya kadi mia mbili, hicho ndicho kidole changu kinachokimbilia.